Kadi ya Rangi Iliyopitia kwa Karai

Kabati, Jumatano mchana

Kioko,

Sitakuuliza habari. Hata mimi mtu akiniuliza habari siku hizi nasema "poa" na tunaachana hapo. Nakuandikia kwa daftari juu stima imepotea hapa Kabati tangu asubuhi, laptopu imebaki na betri kidogo, na hiyo betri siwezi kuigusa. Nitaihitaji kesho nikienda kwenu.

Wacha nikwambie haraka kwa nini naandika, kabla sijaanza kuzunguka vile unanijua. Mama yako amekataa picha yako.

Kaburi imejengwa. Simiti imeshika vizuri, msalaba umesimama, na hapo katikati ya msalaba fundi ameacha shimo ya mraba ya kuweka picha, ile ya kuchapishwa kwa tailsi. Shimo imefunikwa na nailoni ndio vumbi isiingie. Imekaa hivyo mwezi mzima. Kazi ya picha nilipewa mimi, nani mwingine? Nimepeleka mara mbili. Mara mbili mama yako ameangalia, amenirudishia, amesema, "Mwende, huyu si wangu." Hapigi kelele. Anarudisha tu pole pole, kama sahani ya jirani.

Sasa anko wako Mutisya amechoka. Jumamosi watu wa kanisa wanakuja kwa maombi ya kaburi, na amesema kama picha haitakuwa imepatikana, fundi azibe hiyo shimo na simiti. "Hatuwezi kuwa na kaburi iko na dirisha." Ndivyo alisema mbele ya watu. Wengine walicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikashangaa ni nani amecheka.

Kwa hivyo niko na kesho peke yake. Ijumaa picha lazima iwe kwa yule mtu wa kuchapisha tailsi pale mjini Wote, huko kwenu Makueni. Nikikosa, unazibwa.

Mimi niko sawa. Nakula. Nalala hata sana. Ni miezi nne sasa na sijalia vile watu wanangoja nilie, na naona wakiniangalia kama sufuria imekataa kuchemka. Siku ya mazishi nilikuwa na kamera zote mbili shingoni, yangu na yako, juu mama yako aliniomba nipige, akasema wewe ungetaka. Na unajua nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria hema ni ya bluu. Kwamba hii hema itafanya watu wote wakae bluu na nitatoa aje hiyo bluu kwa nyuso. Jeneza inashuka, kwaya inaimba, dada yako ameshikwa na wamama wawili, na mimi natafuta kitu nyeupe ya kupimia mwanga. Nikapata soksi ya mchungaji. Nilipima na soksi ya mchungaji, Kioko. Picha zilitoka vizuri sana. Kila mtu alisema.

Chumba yetu ya studio pale Wote niliiachilia. Sasa kuna mama anashona sweta za shule hapo na mashine. Ule ukuta wetu wa kijivu tulipaka wenyewe ndio usirudishe rangi kwa skrini, amepaka maua. Nimerudi hapa Kabati kwa wazazi, napiga paspoti na graduwesheni za nasari. Kazi iko. Sijui nikwambie nini ingine juu ya hiyo.

Nilikuwa nafikiria harusi ile ya kwanza, ya Kathonzweni. Watu wa bibi harusi walileta wewe. Watu wa bwana harusi walileta mimi kutoka huku Kitui, ati sisi ni watu wa ukoo, nipige kwa bei ya familia. Hatukuambiwa tuko wawili. Kwa keki tukagongana mabega na ukaniambia, "Dada, toka kwa fremu yangu," nikakwambia, "Hii fremu ulizaliwa nayo?" Bibi harusi akakata keki akiangalia sisi badala ya bwana yake. Hiyo picha ninayo mpaka leo.

Halafu wiki tatu baadaye hizo familia mbili zikakaa chini na albamu zote mbili. Kwa albamu yangu bibi harusi alikuwa njano. Kwa yako alikuwa pinki. Mtu mmoja, gauni moja, jua moja. Shangazi yake akaangalia huku, akaangalia huku, akauliza, "Kwani huyu kijana alioa wawili? Mmoja wa ndizi na mmoja wa nyanya?" Hapo ndipo kamera zetu zilipata majina. Yangu Ndizi. Yako Nyanya. Mpaka leo mama yako haziiti jina ingine.

Mtu mwingine angeona aibu. Wewe ulitafuta namba yangu ukanipigia, na hukunisalimia. Ulisema, "Unapiga mbichi ama unapiga zimepikwa?"

Na mimi nilikuwa nimejifunzia tu kwa video, usiku bando ikiwa ya bei ya chini, nikirudia mara tano juu Kiingereza yao inakimbia. Hiyo jina ya mbichi sikuwa nayo. Lakini nilijua mara moja ni nini unasema. Ile faili kamera inaandika mwanga tu, kabla haijaamua rangi. Ukiipiga hivyo, rangi inaamuliwa baadaye, kwa laptopu. Na ukasema shida yetu iko hapo: kila kampuni ya kamera iko na mpishi wake. Mbichi ni ile ile, lakini mpishi wa Nyanya anapenda chumvi na mpishi wa Ndizi anapenda binzari. Dawa si kutupa kamera. Dawa ni kufukuza wapishi wote wawili na kuweka mmoja wetu. Profaili ya rangi. Moja ya Ndizi, moja ya Nyanya, ndio zote mbili zilete chakula moja kwa meza.

Niliongea na wewe masaa mawili, nimesimama kwa shamba ya mbaazi, sikio imewaka moto. Nilikuwa mtu wa kusisimka hivyo. Naikumbuka kama mtu amenihadithia.

Kadi ilifika Ijumaa, kwa kifurushi kutoka Nairobi. Kadi ya rangi, boksi ishirini na nne, ndogo kama chokoleti. Unaipiga picha, programu inajua kila boksi inafaa kuwa rangi gani, inaona kamera imeleta gani, inatengeneza profaili ya kurekebisha hiyo tofauti. Wewe ukaweka kadi kwa mfuko ya koti hata kabla nishike. Jumamosi tulikuwa na harusi ya mchanga na upepo. Jumatatu ndio tukaitoa, nyuma ya chumba yetu Wote, jua ya saa sita.

Na juu hakukuwa na mtu wa kushika, ukaishika wewe. Chini ya kidevu, kama mtu amepelekwa polisi. Nikapiga na Nyanya. Nikapiga na Ndizi. Kwa jua, kwa kivuli, kwa balbu ya ndani. Na ulikuwa unacheka, Kioko. Ulicheka mpaka nikakasirika. Nilikwambia, "Tulia, unatingisha kadi." Ukasema, na ile jina yako ya kunitania, "Kamwende, sayansi ni tamu." Ukacheka tena.

Tukaziita KM-1, Kioko na Mwende. Tulipofungua picha mbili zako kwa skrini, moja ya Ndizi na moja ya Nyanya, na hakuna mtu angeweza kusema gani ni gani, nilipiga nduru mpaka mama wa hoteli ya kando akatoka na mwiko. Wewe ulisema tu, "Sasa hakuna mtu ataoa wawili."

Na watu walipenda. Harusi baada ya harusi. "Tunataka ile rangi yenu, ya kuiva." Mwaka mmoja na nusu.

Halafu Alhamisi ile tumbo ikakushika. Ulisema ni pilau. Ulisema tumalize harusi ya Jumamosi kwanza ndio uende uangaliwe. Nilikubali.

Nimeandika hiyo neno nikaiangalia. Nilikubali. Jumanne ukawa haupo.

Sasa sikiza shida ya picha. Mpiga picha hana picha zake. Nilitafuta kwa simu ya dada yako, kwa simu yangu, ni mgongo yako tu na sikio. Mahali pekee uko mzima uso ni hapo kwa majaribio, mamia, umeshika kadi chini ya kidevu. Kila mara tuliingia ukumbi mpya ulishika kadi. Kila taa mpya. Nikachagua moja, nikakata kadi ikatoka, nikavalisha KM-1, ndio ile ilikuwa kwa karatasi ya mazishi. Mama yako hakusema kitu siku hiyo. Lakini nilipomletea ya tailsi akasema, "Huyu ni mwekundu. Amekaa kama mtu ametoka kuchota mchanga kwa mto. Si wangu."

Nikarudi. Nikatoa KM-1, nikaacha rangi ya programu yenyewe, picha ya Ndizi. Hiyo ya pili aliishika muda mrefu kidogo. Akasema, "Huyu ni mgonjwa. Hivi ndivyo alikuwa Jumanne. Sitaki kumwona hivi kila siku nikipita kwenda shamba."

Anko Mutisya amenivuta kando akaniambia nisijisumbue. Ati hata nikimletea Kioko mwenyewe atasema si yeye, ni uchungu inaongea, si macho. Na mimi nimeamini. Nakwambia ukweli. Naenda kesho juu nimesema nitaenda.

Kalamu inaisha wino. Nitamalizia nikirudi.


Jumapili, nimetoka kanisani

Kioko,

Wacha niseme kwa mstari, moja baada ya ingine, ndio nisiruke.

Alhamisi nilifika kwenu saa tano. Mama yako alikuwa anapepeta ndengu hapo mbele ya nyumba. Nikaweka meza kwa mlango, kwa kivuli, nikafungua laptopu, nikaleta picha yako. Ile ya KM-1. Nikamwambia, "Mama, niambie tu ni wapi imekosea, nirekebishe ukiwa hapa." Hakuangalia picha. Alikunja mkono ya sweta mpaka kwa kiwiko, akaweka mkono wake juu ya meza, kando ya skrini, kama mtu anatolewa damu.

Akanionyesha hapa ndani ya mkono, pahali jua haifiki. "Alizaliwa na rangi ya hapa." Halafu akageuza mkono, akaweka kidole karibu na kiwiko, upande wa nje. "Akakua akafika hapa. Hajawahi kupita hapa."

Ndio hiyo. Na sisi tulihitaji kadi ya kutoka Nairobi.

Sikujua nifanye nini na hiyo maneno, kwa hivyo nikafanya kitu najua kufanya. Nikatoa Nyanya, nikamwambia aje hapa kwa jua, nikapiga picha ya mkono. Mbichi. Nikaweka kwa laptopu, nikavalisha KM-1. Na mkono wa kwa skrini ulikuwa mwekundu. Mkono wa kwa meza haukuwa mwekundu. Niliangalia huku na huku kama yule shangazi wa albamu. Mtu mmoja, mikono miwili.

Nikasema ni Nyanya imeanza tabia yake. Nikachukua Ndizi, nikapiga mkono ule ule, jua ile ile, KM-1. Mwekundu. Mwekundu ule ule, huwezi tofautisha.

Kioko, zilikuwa zimekubaliana. Kazi yetu ilikuwa imefaulu kabisa. Zilikuwa zimekosea pamoja.

Mwaka mmoja na nusu tumekaa kwa ile chumba tukiweka yangu kando ya yako, yako kando ya yangu, tukisema ona, zimefanana. Hatukuwahi kuweka mtu. Mtu mwenyewe alikuwa ameketi hapo kwa kiti akingoja paspoti yake, na sisi tumempa mgongo.

Sasa kama kamera mbili za kampuni mbili zinakosea sawa, kosa haiko kwa kamera. Iko kwa kitu zote mbili zilikula. Nikaingia kwa begi yako. Mimi nimebeba hiyo begi miezi nne na sijawahi kufungua mfuko ya ndani. Kadi ilikuwa hapo, na peremende moja. Nikaitoa kwa jua. Ilikuja na karatasi ya maelezo, tuliipiga picha, nikaitafuta kwa laptopu, nikaweka kadi kando yake. Boksi ya bluu ni sawa tu. Kijani, sawa tu. Lakini nyekundu imekaa kama kitambaa ya zamani. Na ile ya chungwa, na zile mbili za rangi ya ngozi. Zimepauka. Si sana. Ukiwa na haraka huoni. Na sisi tulikuwa na haraka siku zote.

Mama yako alikuwa amerudi kwa ndengu zake. Akainua macho akasema, vile tu mtu anasema chai iko tayari, "Kwani hiyo kadi bado iko? Si ndio ile nilifua."

Nikamuuliza, ulifua aje?

Akasema ile Jumapili alichukua koti yako ya harusi, imejaa mchanga, akaloweka kwa karai na sabuni ya unga, na tone la jiki, ile dawa ya kutoa madoa, kwa kola. Ikalala hapo mpaka jioni. Wakati anakamua ndio akasikia kitu ngumu kwa mfuko. Akatoa, akaona ni vitu vya kazi, ina matope, akaisugua na brashi ile ndogo ya viatu ndio iwe safi. Akaianika kwa kamba, na kibanio.

Kwa kamba, Kioko. Na kibanio.

Akasema alipokuonyesha uliigeuza mbele na nyuma, halafu ukamwambia, "Mwaitu, sasa imekuwa safi kuliko ya wazungu." Vile huwa mnamwita mkitaka kumbembeleza. Ukamwambia asiniambie mimi, ati, "Kamwende atakuja hapa na makasiriko yake." Na yeye akanyamaza. Kumbe tumekuwa tukinywa chai pamoja Jumapili zote hizo na watu wawili kwa meza wanajua kitu mimi sijui.

Halafu akaniuliza. Aliacha kupepeta kabisa. "Kwani ndio iliharibu?"

Uongo kama ule wako ulikuwa umeshafika kwa mdomo yangu. Ulikuwa tayari, na ulikuwa mzuri. Ningesema, hapana mama, ni kamera. Ungesema hivyo. Lakini shimo iko kwa msalaba na fundi anakuja na simiti, na mimi nimechoka kuletea huyu mama vitu si zake. Nikamwambia ndio. Nikamwelezea vile inafanya: programu inajua hiyo boksi inafaa iwe nyekundu sana. Inaona imepauka. Haijui kuna karai. Inafikiria ni kamera haioni nyekundu vizuri, kwa hivyo inaiongezea. Inaongezea kila kitu. Gauni, ukuta, uso.

Akasema, "Kwa hivyo nyekundu ya Kioko ni mimi."

Nikasema, "Ni wewe, mama."

"Na ya watu wa harusi?"

"Hiyo pia."

"Zote?"

"Zote."

"Hata binti ya mchungaji?"

"Huyo ndio zaidi. Alikuwa kwa jua."

Alicheka. Alianza kidogo, na mabega, halafu akaweka chini ungo, akashika magoti, akacheka mpaka dada yako akatoka jikoni kuangalia ni nini. "Nimefua Makueni nzima," alikuwa anasema. "Kumbe nilikuwa nakataa nguo zangu mwenyewe." Machozi ilikuwa inashuka na hakupangusa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi hapo na kadi mkononi, na nilikuwa nafikiria ile Jumatatu nyuma ya chumba. Ulikuwa unajua. Ulisimama hapo na kadi imefuliwa chini ya kidevu, umeniangalia usoni, mimi na usomi wangu wa video, ukaniambia sayansi ni tamu. Nilikasirika. Makasiriko kidogo, mahali fulani chini, kama mguu umekufa ganzi na umeanza kurudi, unachoma choma. Ndio kitu ya kwanza nimesikia tangu Jumanne ile. Nakuambia ndio ujue. Imekuwa ya kukukasirikia.

Jamaa mmoja wa studio pale Kitui mjini ako na kadi, haijafuliwa. Nikampigia, akaiweka kwa gari ya asubuhi. Ijumaa mimi na mama yako tukaipokea Wote. Alikataa kuachwa nyumbani. Alivaa sweta ya mikono mifupi makusudi.

Saa sita tukasimama nje ya duka ya yule mtu wa tailsi, jua iko juu kabisa. Nikamwambia, mama, shika hii. Aliishika juu chini kwanza. Halafu akauliza, "Nisimame kama Kioko?" Na akaiweka chini ya kidevu. Nikaangalia kwa Nyanya, na nikaona ni wapi ulitoa hicho kidevu. Sikuwa nimewahi kuona. Nikafinya. Nikachukua Ndizi, nikafinya. Watu wa soko walikuwa wamesimama. Mmoja alimuuliza kama ameshikwa na polisi.

Nikatengeneza profaili mbili mpya hapo kwa kaunta. Na sasa hii sehemu ndio nataka uelewe, najua unaelewa lakini wacha niseme. Picha zako zote ni mbichi. Rangi yake ilikuwa haijaamuliwa. Sisi tuliivalisha KM-1 tu, kama koti. Chini ya koti ulikuwa umengoja. Nikavua moja, nikavalisha ingine, na nyekundu ikashuka kutoka kwa mashavu yako kama mtu amepoa, na ile kahawia ikatokea, ile yako, na kidogo ya mwanga hapa kwa paji. Sikugusa kitu ingine.

Mama yako akaweka mkono kando ya skrini. Akasongesha kidole kutoka ndani, akageuza, akafika karibu na kiwiko. Kikasimama.

"Huyu ni wangu," alisema.

Picha nilikuwa nimefungua ni ya ile Jumatatu, juu ndio ina jua ya saa sita kama hii. Umefungua mdomo, unacheka, macho imefinyika. Nikaanza kukata kadi itoke, ibaki uso. Akanishika mkono. "Usikate. Hiyo ni yangu." Mtu wa tailsi akajaribu kumsaidia, akasema, "Mama, kwa kaburi? Watu watauliza ni nini hii." Akamwambia, "Waulize."

Jana ilikuwa Jumamosi. Fundi alitoa nailoni, akapaka simiti kwa shimo, akakusukuma ndani na kidole gumba, akapangusa pembe. Ilitoshea. Watu waliimba. Anko Mutisya alisogea karibu mpaka kofia ikagusa msalaba, akauliza, "Na hii ameshika ni nini?" Mama yako akamjibu, "Ni nguo nilifua." Anko akaniangalia. Nikaangalia mbali.

Mimi nilingoja watu waende kula. Nikasimama hapo kwa jua na sikupiga picha. Rangi imeshika. Nyekundu haiko. Kadi imetoka imepauka vile ilivyo, kwa mikono yako, na wewe umetoka sawa. Mama yako alikuja akaweka mkono kwa tailsi. Watu walifikiria anakupapasa. Mimi najua alikuwa anapima.

Kadi yenyewe, ile ya karai, aliniomba, nikampa. Iko kwa kabati ya vikombe, imesimamishwa. Profaili mpya nimeziita MAMA-1. KM-1 sijafuta, nimeiweka kwa foda yake. Kuna watu watakuja kuomba ile rangi ya kuiva, na sitawapa, lakini sitaki isiwe mahali popote.

Nakuahidi hivi. Nyanya nitaitumia, haitakaa kwa begi. Na kila harusi nitaenda, kabla nipige gauni, kabla nipige pete, nitatafuta mama wa hiyo nyumba nimwambie akunje mkono, nipige, niweke kando ya skrini, nikiwa nimegeukia mtu. Wataniona nimerukwa na akili. Wewe ungesema wako sawa.

Kulia bado. Ule mguu bado unachoma kidogo, jana usiku na leo kanisani. Ikija yote nitakuandikia, na kama haitakuja, pia nitakuandikia.

Kwaheri sasa, Kioko. Jua ni nzuri hapo ulipo, ya saa sita, haina kivuli kwa uso. Tulia. Usitingishe kadi.

Kamwende